Mkunga wa Chuma

Mwenyekiti wa mtaa asiyesalimia ana jambo. Thobias alisimama mlangoni pa kibanda cha Kasiani, sokoni Mwanga, simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto, na salamu hakutoa.

Kasiani alikuwa anapinda ukosi wa shati la shule. Aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Fundi, kaa chini."

"Nimekaa, mwenyekiti. Umewahi kuniona nikishona wima?"

"Basi kaa vizuri."

Video yenyewe ilikuwa fupi. Barabara ya udongo mwekundu, migomba kando, mvua imetoka kunyesha. Katikati ya barabara, gari la kijeshi la minyororo limeungua mpaka rangi imekwisha, moshi bado unatambaa. Mpiga picha anacheka kwa Kiswahili cha Kongo: "Muone, ile yao ya kuvutaka imekwisha." Juu ya gari, mkono mnene wa chuma umeangukia ubavuni, kama mkono wa mlevi ulioning'inia nje ya kitanda.

Kasiani aliutambua mkono ule. Nusu ya soko la Mwanga ingeutambua. Picha ya mkewe, Koplo Leonida, akiwa amevaa ovaroli lenye grisi na kiganja chake kimekaa juu ya kreni ile ile, ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya cherehani tangu kikosi chake kilipovuka ziwa kwenda kulinda amani. Wenye midomo hawakuchoka nayo: mke anavuta vifaru, mume anavuta uzi.

Lile gari halikuwa kifaru. Leonida alimkosoa kila aliyeliita hivyo. Lilikuwa deraya la uokozi. Kifaru huenda kupiga. Hili huenda kuvuta. Lina winchi yenye waya mnene kama mkono wa mtoto, kreni ya kunyanyulia injini, na bapa la chuma puani linaloteremshwa kuchimba ardhi ili gari lenyewe lisiburutwe na mzigo wake. Bunduki yake ni moja, ya kujihami tu. Gari la wenzao likikanyaga bomu au likizama topeni, askari wengine wakiamriwa kurudi nyuma, Leonida na wenzake ndio huambiwa waende mbele. "Dereva atapeleka vipi gari motoni," alimwambia Kasiani siku moja, "kama hajui kuna mtu atakuja kumtoa?" Na kwa kuwa liliwatoa watu mahali pembamba kwa kuwavuta, kikosi kizima kililiita Mkunga.

"Wanasema waliokuwemo wameisha wote," Thobias alisema taratibu.

"Wanasema akina nani?"

"Watu."

"Watu wana majina, mwenyekiti."

"Fundi, usinigombeze mimi. Iko kwenye kundi la mtaa tangu asubuhi. Nimekuja kwa miguu yangu ili usiione peke yako."

Kasiani alimpigia Leonida. Haipatikani. Akapiga tena, kana kwamba simu ingemwonea huruma. Kisha akapiga namba waliyopewa na kambi kwa ajili ya familia. Kijana wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa adabu, "Mzee, subirini taarifa rasmi." Kasiani alikuwa na miaka thelathini na tisa. Hakuna siku neno "mzee" lilimwingia baridi kama siku ile.

Kabla hajafunga kibanda, mteja mmoja, mama wa makamo, akaingia kwa unyenyekevu mwingi.

"Pole sana, fundi. Nimekuja kuchukua kitambaa changu. Si kwa ubaya. Mtu mwenye msiba hashoni."

"Sina msiba, mama."

"Ndiyo, baba, ndiyo," alisema yule mama, akakikunja kitambaa chake na kuondoka akitembea kinyumenyume, kama atokaye mbele ya jeneza.

* * *

Alipofika nyumbani Kasingirima, alikuta turubai limekwisha fungwa kati ya ukuta wake na mpapai wa jirani. Viti vya plastiki vilikuwa vinashushwa kwenye guta. Wanawake wamekaa mkekani, kanga zimefungwa viunoni. Katikati ya uwanja, magogo yalipangwa kwa ajili ya moto wa wanaume.

"Nani ameleta turubai?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu, maana turubai la msiba halina aliyelileta. Huja.

Hidaya, jirani yao mwenye duka la unga, alimvuta pembeni. Yeye na Leonida walikuwa wakigombana kila wiki na kupatana kila Ijumaa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa mkavu.

"Shemeji, una habari ya uhakika?"

"Sina."

"Basi mie silii. Nikimlilia halafu akarudi, yule mwanamke atanicheka mpaka kiyama."

Binti yao Ziada alikuwa amesimama mlangoni na begi la shule mgongoni. Mtu fulani mwenye huruma alikwenda kumtoa darasani.

"Baba, mama amekufa?"

"Hatujaambiwa, mwanangu."

"Watu wote wameambiwa."

Kasiani alichuchumaa mbele yake. Akamvua begi.

Alasiri hiyo wakaja watu wa Kalinzi, kwao Leonida. Mzee Bonifasi, baba yake Leonida, aliteremka kwenye pikipiki akiwa na koti la Jumapili na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake pikipiki ya pili ilimleta dada yake, shangazi Regina, na mikungu miwili ya ndizi na gunia la maharage. Regina alianzia kilio barabarani, akimwita mama kwa kilugha cha kwao. "Mawe weee! Mawe! Nilikwambia, mwana wanje, mwanangu, chuma si kazi ya mwanamke!" Wanawake wa mkekani waliupokea mlio ule kama waliokuwa wakiusubiri.

Kasiani alimwendea mkwewe, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alitazama magogo. "Moto mbona haujawaka?"

Hapo ndipo pagumu. Katika ukoo wa Bonifasi, moto wa msiba huwashwa na mwenye nyumba kwa mkono wake. Ndiyo namna yake ya kusema mbele za watu: amekufa, nimekubali, njooni. Kabla ya hapo hakuna chungu kinachopanda jikoni, hakuna anayelala, hakuna sala inayosomwa. Na mwingine hawezi kumwashia. Itakuwa kama kumsemea mtu kiapo.

"Baba, sijaambiwa kwamba amekufa."

"Umeliona gari?"

"Nimeliona gari. Yeye sijamwona."

"Watu hutoka kwenye gari kama lile?"

Kasiani alitazama barabara. Alilokuwa nalo lilikuwa dogo: jeshi halimwambii mtu kifo kwa simu wala kwa video. Huja wenyewe, wamevaa rasmi, wanavua kofia. Leonida alimweleza siku aliyosaini karatasi za kuondoka, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake mahali alipoweka chumvi.

"Wakija wenye kofia, baba, nitauwasha mwenyewe. Hawajaja."

Mzee Bonifasi akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kwenye fimbo.

* * *

Kwa hiyo msiba ukakaa bila moto. Wanaume walizunguka magogo makavu, wamejikunyata kama wanaota jivu la mwaka jana. Wanawake walimenya ndizi ambazo hazikuweza kupikwa. Aliyesikia njaa alikwenda kwake kula, akarudi akifuta mdomo kwa siri. Rambirambi ziliendelea kudondoka kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, na Kasiani hakuligusa wala hakulikataza. Na maneno, ambayo hayahitaji moto, yaliiva.

"Kuni zipo, kiberiti kipo, mwanaume ndiye hayupo."

"Anaogopa kulisha watu. Fundi ni mbahili, huwa anarudisha hata vipande vya kitambaa."

"Si ndiyo uaminifu huo, kurudisha vipande?"

"Wewe nyamaza, unajua maana yangu."

"Jeshi linalipa, mwacheni. Kesho kutwa atashonea mashine ya umeme."

Hilo la mwisho Kasiani alilisikia waziwazi. Aliyelisema alikuwa jamaa mmoja anayeitwa Pastory, ambaye suruali aliyovaa ilitoka kwenye cherehani la Kasiani na bado haijalipiwa. Hasira ilimpanda mpaka kwenye meno. Akaimeza. Ukigombana msibani umekubali kwamba ni msiba.

Asubuhi ya pili ilikuwa angavu. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo ya ziwa, bluu, karibu mno, kama mtu angeweza kuiita ikaitika. Kasiani alikuwa ameitazama tangu kulipokucha. Alipogeuka, mkwewe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mkwe," alisema Mzee Bonifasi. Sauti yake ilikuwa imepungua kwa kukesha kitini. "Alipojiunga na jeshi nilimwambia asikanyage kwangu. Unajua?"

"Najua, baba."

"Alikuja Pasaka na kilo ya sukari. Nikaipokea sukari, yeye nikamwacha uani." Alisugua kichwa cha fimbo yake. "Sasa sina pa kumwomba radhi. Nina moto tu. Unaninyima hata moto? Mwana wanje amelala huko mvuani na kwake hakuna hata moshi."

Kasiani angeweza kuhimili Pastory kumi. Hili lilimvunja. Alitazama uwanja: Ziada ameketi mkekani kati ya wanawake, kanga ya mtu mzima imemzidi mabega, ameanza kujifunza namna ya kukaa kama yatima. Labda wao ndio walikuwa na haki. Labda yeye alikuwa anang'ang'ania neno moja la mke wake kwa kuwa hakuwa na jingine. Kumkatalia mzee wa watu kilio, huo ni upendo au ni kiburi?

"Lete kiberiti," alisema.

Regina alimpa. Watu walisimama. Hidaya, kwa mara ya kwanza, alijifunika uso kwa mtandio.

Ndipo gari la jeshi lilipokata kona.

Lilikuja polepole, likitafuta nyumba, likasimama mbele ya turubai. Akashuka dereva. Kisha akashuka ofisa mwanamke, kapteni, mrefu, sare imenyooka kama iliyotoka kwa fundi. Alitazama turubai, akatazama wanawake mkekani, akatazama magogo. Kisha akainua mkono na kuvua bereti yake.

Kiberiti kilimtoka Kasiani.

Hakikuwa kilio tena, kilikuwa mporomoko. Regina alianguka chali. Wanawake walishika vichwa. Ziada alipiga ukelele mmoja mwembamba, "Mamaa!", ukapita juu ya sauti zote. Mzee Bonifasi alipiga magoti mchangani na koti lake la Jumapili. Kasiani alisimama tu. Alisikia kila kitu kutoka mbali, na kitu pekee alichokiona ni ile bereti, jinsi yule ofisa alivyoibana kwapani kwa uangalifu.

Kapteni alisubiri kilio kipungue kidogo. Akamsogelea Kasiani, akainamisha kichwa.

"Poleni sana, ndugu zangu. Naitwa Kapteni Aikande. Tusameheni, tumekuja wakati mbaya, hatukujua kama mna msiba." Akashusha sauti. "Nani ametutoka?"

Kasiani aliinama kuokota kiberiti.

Hidaya ndiye aliyejibu, mtandio umeteremka mabegani. "Afande unauliza nani? Si Leonida?"

"Leonida yupi?"

"Koplo Leonida! Wenu! Wa winchi!"

Kapteni Aikande alimtazama Hidaya, akamtazama Kasiani, akatazama tena turubai lile kana kwamba limefungwa sasa hivi. Kisha akaichukua bereti kwapani na kuirudisha kichwani kwa haraka, kama mtu anayeficha kosa.

"Koplo Leonida niliyeongea naye asubuhi hii?" alisema. "Yu hai. Jamani, yu hai! Ana jeraha la moto mkononi, dogo. Nimevua bereti kwa ajili yenu. Nimeona matanga nikajua mmefiwa!"

Hakuna aliyeshangilia. Furaha ilichelewa kidogo njiani. Kwanza ikasikika sauti ya Regina, aliyekuwa bado chali, ikiuliza, "Amesema nini? Amesema nini huyo?" Kisha Hidaya alipiga kigelegele kilichowatoa kuku kwenye mpapai, na Kasiani akakaa chini, palepale, juu ya gogo. Ziada alimjia akamkalia mapajani, mkubwa hivyo, miguu ikiburuza chini, na hakuna aliyemwambia ashuke.

* * *

Walimpa Kapteni kiti. Alieleza bila kupamba.

Gari la deraya la kubebea askari lilishambuliwa njiani, likatumbukia mtaroni, milango ikabanwa na udongo. Ndani askari tisa. Mkunga akaitwa. Alikwenda, akashusha bapa lake, Leonida akatoka nje kufunga waya, na wakalivuta gari lile na watu wake ndani mpaka likashika barabara na kuondoka. Walipogeuza wenyewe, mnyororo wa Mkunga ukapigwa, ukakatika.

"Na wa kumvuta Mkunga hayupo," alisema Kapteni. "Mwokozi tulikuwa naye mmoja. Sasa deraya zima, na winchi yake, huwezi kumwachia adui. Lisilovutika linaharibiwa. Ndiyo amri."

"Liliharibiwa na nani?" aliuliza Thobias, ambaye tangu gari lifike alikuwa ameuficha mkono wenye simu nyuma ya mgongo.

"Na waliokuwemo. Koplo mwenyewe ndiye aliyewasha. Kisha wakatembea msituni mpaka kambini. Simu zilizimwa kwa askari wote. Tulikuja kuwaambia kabla hamjasikia ya mitaani." Alitazama mikungu ya ndizi. "Tumechelewa."

"Kidogo," alisema Hidaya.

Kapteni alibonyeza simu yake, akazungumza na mtu, akasubiri, akaongea na mwingine, kisha akamnyooshea Kasiani. Uwanja mzima ulisogea mbele, hata wale wasiomjua Leonida vizuri.

"Kasiani?"

Ilikuwa sauti yake, ya kukwaruza, kama iliyovutwa juu ya kokoto.

"Nipo."

"Mbona nasikia watu?"

"Wapo kidogo."

"Kidogo cha namna gani? Namsikia shangazi Regina."

Kasiani alitazama huku na huku akitafuta namna nzuri ya kulisema. Haikuwepo. "Wamekuja kukulilia, mama Ziada."

Leonida alicheka, kicheko kirefu cha pumzi fupi, na katikati ya njia kikageuka. Kasiani aliisogeza simu sikioni kabisa, asisikie mwingine.

"Nililichoma kwa mkono wangu," Leonida alisema. "Nilikuwa nalifahamu kila boliti. Nilishika kiti cha winchi nikakiomba radhi, Kasiani, kama mwendawazimu. Hapa hakuna anayelia. Kamanda amesema ni chuma, litaletwa jingine. Na ni kweli ni chuma. Kila mtu amenipongeza. Sijui nimwambie nani."

"Niambie mimi."

"Nimefiwa, Kasiani."

"Pole, mke wangu."

"Asante."

Mzee Bonifasi alikuwa amesogea mpaka karibu, fimbo imesahaulika mchangani. Alinyoosha mkono kama mtu anayeomba maji. Kasiani alimpa simu, na kwa kuwa mzee hakujua kuishika ya namna ile, Kapteni akawasha sauti ya nje, na wote wakasikia.

"Mwana wanje."

"Baba? Ni wewe?"

"Ni mimi. Niko kwako." Aliangaza macho, akatafuta pa kuanzia. Miaka yote ile ya ukali ilikuwa imesimama mlangoni pamoja naye, na hakuna aliyemwonyesha njia ya kuipita. Mwishowe akashika njia aliyoijua, ya mwanaume aliyefika kuhani msiba. "Wanasema umefiwa."

"Ndiyo, baba."

"Marehemu aliugua muda mrefu?"

Mtu mmoja alianza kucheka, Hidaya akamfinya.

"Hapana, baba," Leonida alisema taratibu. "Ghafla. Kazini."

"Aliacha watoto?"

Ng'ambo ya ziwa, pumzi ilivutwa. "Tisa, baba."

"Wazima?"

"Wazima wote. Wapo hapa nje, wanakula ugali."

Mzee Bonifasi alitikisa kichwa kwa muda, akiupima msiba ule kama anavyopima kahawa kiganjani. Kisha akavua kofia yake.

"Basi huyo alizeeka vizuri," alisema. "Huyo analiliwa kwa kula." Aligeuka, macho yamemjaa maji, akawafokea watu. "Mnasimama nini? Wekeni vyungu jikoni! Kapteni hajanywa hata maji. Na wewe, Leonida, usikate hiyo simu, nina jambo la sukari la kukuambia."